Simba Haikosi Pesa, Inakosa wa Kuulizwa



Habari ya Fadlu Davids kuondoka Simba ilinikuta kwa fundi simu hapa Tunduma, nimekaa juu ya ndoo tupu ya rangi nasubiri anibadilishie kioo. Fundi mwenyewe ni Yanga, na wote mnajua Yanga akipata habari ya namna hiyo huwa anafanyaje. Huyu hakucheka. Aliinua macho, akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mfiwa, akasema, “Pole kaka. Mara hii ni yupi?”

Hiyo “mara hii ni yupi” iliniuma kuliko tano bila majibu. Maana jamaa hakuwa anatania. Kweli alikuwa amepoteza hesabu. Na mimi nilipojaribu kumhesabia, nilijikuta natumia vidole vya mikono miwili.

Didier Gomes aliondoka Oktoba 2021, baada ya Jwaneng Galaxy ya Botswana kuja Kwa Mkapa na kutupiga 3-1 wakati sisi tulishinda kwao 2-0. Akaja Pablo Franco, hakumaliza hata mwaka. Akaja Zoran Maki, huyo alikaa muda ambao mtu wa Mbozi anasubiri mahindi yaote na kupaliliwa. Juma Mgunda akashika usukani. Januari 2023 akaja Robertinho, Novemba mwaka huohuo akaondoka, siku mbili baada ya zile tano. Akaja Benchikha na jina lake kubwa kutoka Algeria, Aprili 2024 akaondoka. Mgunda tena. Halafu Fadlu, Julai 2024. Septemba 2025 Fadlu naye akaenda Casablanca kwa Raja yake.

Nimeamua kuandika hili hapa kwenye blogu yetu na siyo kwenye kundi la WhatsApp la wanasimba, kwa sababu nitakazozieleza huko mbele. Na mniwie radhi ndugu zangu wa Yanga, ni wengi humu najua. Someni tu, mtafaidika.

Kwanza tukumbushane tunazungumzia timu gani. Simba ya 1936. Iliyocheza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Iliyomtoa Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, mwaka 2003. Tuache hata ya wazee. Vijana wenzangu ambao mlianza kushabikia mkiwa sekondari mnakumbuka Simba ya 2017/18 mpaka 2020/21, ubingwa mara nne mfululizo. Ile Simba ilikuwa haiingii uwanjani kushindana, inaingia kukusanya. Watani wetu walikuwa wanatembea na maelezo mfukoni: hali ya uwanja, mwamuzi, ratiba, mara wachezaji hawajalipwa. Leo maelezo tunayo sisi. Kuanzia msimu wa 2021/22 mpaka 2024/25 Yanga walichukua ubingwa mara nne mfululizo, na walitufunga mechi sita mfululizo ukijumlisha na Ngao ya Jamii ya Septemba 16, 2025. Msimu wa 2023/24 hata nafasi ya pili tuliikosa, Azam wakatuzidi kwa mabao.

Na ajabu ni kwamba Simba hiyohiyo ikitoka nje ya nchi inaheshimika. Robo fainali ya Afrika imekuwa kama sebuleni kwetu. Mei 2025 tulicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane, tukafungwa 2-0 kwao, Zanzibar tukatoka 1-1. Timu mbovu haifiki huko. Kwa hiyo mtu akikwambia Simba ni mbovu, mwambie hapana. Simba ni timu nzuri inayoshindwa kazi iliyoanzishwa kuifanya, yaani kuchukua ubingwa wa nyumbani. Hicho ndicho kitendawili.

Huku kwetu suala hili lina uzito wake wa pekee. Songwe hatuna timu ya Ligi Kuu. Mtu wa Tunduma akitaka kuona ligi kwa macho yake anapanda gari kwenda Sokoine, Mbeya, zaidi ya kilomita 100, kuangalia Prisons au Mbeya City waliorudi msimu wa 2025/26. Wazee wanatusimulia Tukuyu Stars waliochukua ubingwa 1986, na wakisimulia wanashusha sauti kama wanataja marehemu. Ihefu iliyokuwa Mbarali, iliyovunja rekodi ya Yanga ya kucheza mechi 49 bila kufungwa Novemba 2022, leo haipo huku, imehamia Singida na jina imebadilisha. Timu za Nyanda za Juu Kusini ama zinashuka ama zinahamishwa. Ndiyo maana kijana wa Mpemba au wa Vwawa anaing'ang'ania timu ya Kariakoo iliyo kilomita 900 na ushee kutoka kwake. Haina jirani wa kuiziba nafasi.

Na sisi wa mpakani tuna la ziada. Simba ilikuwa inapitia kwetu. Desemba 2018 ilipocheza na Nkana kule Kitwe, mabasi ya mashabiki yalilala hapa, watu wakabadilisha kwacha hapa, wakavuka Nakonde asubuhi wanaimba. Tulifungwa 2-1 huko, tukarudi Dar tukawapiga 3-1, bao la Chama la kisigino likamaliza kazi. Ilikuwa hivyohivyo na Red Arrows 2021, hivyohivyo na Power Dynamos 2023. Chama, Mzambia, alitufanyia kazi ambayo hakuna balozi aliyewahi kuifanya. Nawajua madereva wa malori wa Nakonde wasiojua Simba iko mtaa gani Dar, lakini walikuwa wanavaa jezi nyekundu sababu ya mtoto wao. Chama alipohamia Yanga Julai 2024, dereva mmoja rafiki yangu aliniambia kwa Kiswahili chake cha mpakani, “Sasa bwana, mimi nabaki hapo kufanya nini?” Nilimjibu, klabu ni kubwa kuliko mchezaji. Ni jibu zuri. Tatizo ni kwamba mwaka mmoja baadaye nahodha wetu, Mohamed Hussein ‘Tshabalala’, mtu aliyevaa jezi yetu tangu 2014, naye akavuka kwenda kulekule. Dereva akanitumia picha ya Tshabalala ndani ya jezi ya kijani. Hakuandika neno. Na mimi sikujibu.

Sasa twende kwenye sababu. Ukiuliza kijiweni utapewa tatu, kila mara zilezile: makocha, pesa na kuonewa.

Makocha nimeshawahesabu. Lakini makamanda, tuwe wakweli. Simba ilibadilisha makocha hata ilipokuwa inatawala. Msimu wa 2017/18 ilianza na Omog ikamaliza na Lechantre, ikachukua. Msimu wa 2019/20 Aussems akatimuliwa katikati, Sven akaja, ikachukua. Uliofuata Sven akaondoka mwenyewe Januari, Gomes akaja, ikachukua. Na Yanga msimu wa 2024/25 walikuwa na makocha watatu, Gamondi, Ramovic na Hamdi, na kombe wakabeba. Kwa hiyo anayesema tatizo ni kubadilisha makocha anaeleza homa, haelezi malaria.

Pesa nayo siyo. Simba inasajili. Dirisha la 2024 walishuka vijana karibu kikosi kizima: Camara golini, Ahoua, Mukwala, Ateba, Mutale, Okejepha na wengineo. Ahoua akaibuka mfungaji bora wa ligi na mabao 16. Klabu masikini haifanyi usajili wa namna ile.

Kuonewa. Hapa najua nitagusa wengi, maana sisi wa upinzani neno kuonewa tumelizoea mpaka limekuwa la nyumbani. Na sitadanganya, yapo mambo. Mdhamini mmoja kuweka nembo yake kwenye jezi za timu kadhaa ndani ya ligi moja siyo afya, hata kama hakuna anayempigia mtu simu. Dabi ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ya mechi yenyewe baada ya Simba kusema imezuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia, ikachezwa Juni 25. Huo siyo uendeshaji wa ligi. Tuna haki ya kulalamika na tuendelee kulalamika.

Lakini Novemba 5, 2023 hakuna mwamuzi aliyefunga bao. Tulikuwa 1-1 mapumziko. Kibu Denis alikuwa amesawazisha, kibanda umiza chetu kilikuwa kinapiga kelele mpaka mwenye jenereta akaomba tupunguze kurukaruka. Kipindi cha pili Maxi mawili, Aziz Ki moja, Pacôme penalti. Wamechoka, hawakabi, hawaongei. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mzee mmoja wa makamo, mchuuzi wa dagaa wa Mtera, aliyesema kwa upole kabisa, “Hawa vijana hawajuani.” Nimesoma uchambuzi mwingi baada ya siku ile. Sijaona uliomzidi yule mzee.

Hawajuani. Tulichukulie hilo neno kwa uzito.

Simba iliyotawala ilikuwa na watu waliojuana. Manula, Kapombe, Nyoni, Bocco, wote waliingia pamoja 2017 wakitoka timu moja, Azam. Tshabalala na Mkude waliwakuta pale. Mwaka uliofuata wakaongezwa Wawa, Kagere, Chama. Kocha akiondoka, timu ilikuwa inajifundisha yenyewe. Mpya alikuja kushika usukani wa gari ambalo lilikuwa limeshawaka.

Agosti 2021 tukauza wawili kwa mpigo, Luis Miquissone kwenda Al Ahly na Chama kwenda Berkane. Kuuza siyo dhambi. Ni sifa. Yanga nao walimuuza Mayele kwenda Pyramids 2023, na 2025 Aziz Ki akaenda Wydad. Tofauti ni kilichobaki. Yanga dirisha hilohilo la 2021 walileta Diarra, Aucho, Bangala, Mayele, wakawaweka Job na Mwamnyeto nyuma, baadaye Bacca, baadaye Mudathir, baadaye Maxi na Pacôme. Kila mwaka wanatoa mmoja wawili, wanaingiza mmoja wawili, uti wa mgongo unabaki. Sisi kila mwaka tunatoa kikosi tunaingiza kikosi. Kila Juni mitandao ya klabu inajaa picha za kuaga, huyu kapewa “thank you”, yule kapewa “thank you”, na sisi mashabiki tunashangilia kana kwamba kumfukuza mtu ni ushindi. Julai tunapewa wageni kumi na kauli mbiu mpya. Ikifika Novemba wanaanza kujuana, tumeshatoka sare mbili, tunataka kichwa cha kocha. Akija kocha mpya anasema hawa siyo wachezaji wa falsafa yangu. Juni nyingine hiyoo.

Nani anaamua hivyo kila mwaka? Makala yangu yote iko hapa, mengine yalikuwa ya kuwasogeza tu karibu na moto.

Desemba 2017 mkutano wa wanachama ulimpokea Mohammed Dewji kama mwekezaji kwa shilingi bilioni 20. Mgawanyo uliosimama ni asilimia 51 kwa wanachama na 49 kwa mwekezaji. Nilifurahi kama wengine. Niliona tumetoka kwenye klabu ya kuchangishana bahasha usiku wa kuamkia mechi. Na miaka ya kwanza matunda tuliyaona, siwezi kumnyima mtu haki yake. Bila ile pesa hakuna Chama, hakuna Kagere, hakuna Al Ahly kufungwa Kwa Mkapa.

Lakini angalia jinsi nyumba ilivyojengwa. Kuna mwenyekiti wa klabu, huyo anapigiwa kura na wanachama. Murtaza Mangungu alichaguliwa tena Januari 2023 kwa kura, watu walipanga foleni. Halafu kuna mwenyekiti wa bodi, upande wa mwekezaji, ambaye kura yako haimgusi. Mwenye kura hana pesa. Mwenye pesa hana kura. Timu ikifungwa, wa kwanza anasema usajili siyo wangu. Wa pili hulazimiki kumuuliza, maana hukumweka na huwezi kumtoa. Dewji aliachia kiti cha bodi Septemba 2021, akakaa Salim Abdallah ‘Try Again’, Juni 2024 baada ya ule msimu wa nafasi ya tatu wajumbe wakajiuzulu na Dewji akarudi. Kuondoka hakukupigiwa kura na kurudi hakukupigiwa kura. Tulipata habari kwenye simu, kama wanavyopata habari watu wa Yanga.

Chini ya hao kuna mtendaji mkuu. Hao nao wahesabu: Senzo Mazingisa, akaondoka 2020 kwenda Yanga. Barbara Gonzalez, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa na dira, akaachia mwanzoni mwa 2023. Imani Kajula. François Regis kutoka Rwanda, miezi michache tu. Zubeda Sakuru. Watano tangu 2019. Sasa wewe kocha unayekuja leo, mkataba unasaini na nani, mpango wa miaka mitatu unapangiwa na nani, na ukilalamika kwamba beki wa kushoto ameachwa aende kwa mpinzani, unamlalamikia nani? Mimi Fadlu simlaumu sana. Mtu mwenye akili akikaa kwenye nyumba ambayo haijulikani nani baba, siku akipata chumba kwingine anahama.

Wenzetu wa Yanga nao wana mfadhili, GSM, kila mtu anajua. Wana matatizo yao na siku moja yatawarudia, hilo nalisema bila husuda. Lakini tangu Julai 2022 wana rais mmoja, Hersi Said, aliyepigiwa kura. Akisajili ni yeye, akikosea ni yeye, wanachama wakikasirika wanajua mlango wa kwenda kugonga. Hersi alianzia kwenye usajili kabla ya kuwa rais, kwa hiyo yule aliyeujenga uti wa mgongo wa 2021 ndiye bado anaulinda 2025. Sisemi ni malaika. Nasema anaonekana.

Najua jibu litakalokuja, maana nimeshalisikia: “Mwenye pesa ndiye mwenye sauti, ungekuwa wewe ungekubali kuulizwaulizwa?” Kamanda anayenijibu hivyo nimshangae kidogo. Jioni anakesha mtandaoni akidai tume huru na wananchi kuhoji matumizi ya halmashauri, asubuhi anakwambia kwenye klabu yenye asilimia 51 zake mwenyewe usimuulize tajiri. Asilimia 51, jamani! Ukiwa na asilimia 51 za kiwanja huombi ruhusa ya kupita.

Sasa niwaambie kwa nini siandiki haya kwenye kundi.

Msimu uliopita kundi moja la mashabiki nililokuwamo lilichangisha kwa ajili ya kwenda Mbeya kuiona Simba. Kichwa elfu ishirini na tano, nauli ya kosta, tiketi na maji. Wiki ya safari tukaambiwa kosta imepungua nafasi, baadhi watajitegemea. Nikauliza, kistaarabu kabisa, tuwekewe orodha ya waliotoa na kiasi kilichofika, tujue kilichopungua. Sikumtaja mtu. Dakika kumi hazikuisha nikawa mamluki. Mwingine akaandika nimetumwa na Utopolo. Mwingine, na huyu nilisoma naye, akasema mtu anayeuliza uliza wakati timu inahitaji umoja huyo ndiye anayeirudisha nyuma. “Nguvu moja,” akamalizia. Kisha nikaondolewa kwenye kundi. Mechi niliangalia kibandani kwa shilingi mia tano.

Sikuumia sana kwa ile elfu ishirini na tano. Niliumia kwa sababu maneno yale nilikuwa nayajua. Nilishawahi kuyatumia mimi.

Miaka michache nyuma, kwenye kikao chetu cha vijana cha kata, dada mmoja alisimama akauliza michango ya mkutano wa hadhara imetumikaje, maana spika zilikuwa za kuazima na mafuta ya gari alichangia mtu mwingine. Swali la kawaida. Nilikuwa meza kuu, nilikuwa na kadi mpya na sauti kubwa. Nikamjibu kwamba huu siyo wakati wa maswali hayo, adui yuko nje, na nikasema kwa kejeli kwamba wapo wanaotumwa. Ukumbi ukapiga makofi. Yeye akakaa. Vikao vilivyofuata hakuja, na leo ukimuuliza mambo ya siasa anakwambia yuko bize na duka lake pale Majengo. Tulimpoteza mtu aliyekuwa anaweza kugonga milango hamsini kwa siku bila posho. Hakuna polisi aliyemzuia. Nilimzuia mimi, kwa kipaza sauti cha kuazima.

Kwa hiyo nikiiandika Simba msidhani naangalia kutoka juu. Kuonewa ni kweli, huko na huku. Lakini kuonewa kunalevya. Ukishakuwa na mtu wa nje wa kumlaumu, unaacha kuhesabu vya ndani. Kila ukifungwa una jibu kabla filimbi haijalia. Na viongozi wanalipenda jibu hilo, kwa sababu linawapa mwaka mwingine. Mashabiki tukiwa bize na mwamuzi, nani ataulizia kwa nini mkataba wa nahodha uliachwa mpaka ukaisha?

Na sisi mashabiki ni sehemu ya ugonjwa, tusijitoe. Siku ya Simba Day tunajaza uwanja kushangilia wachezaji ambao hatujawaona wakipiga hata pasi. Tunapenda jina jipya kuliko mtu aliyekaa. Kapombe akikosea krosi moja tunamwita mzee, Mghana wa kwenye video akipiga chenga mbili tunamwita mfalme. Uongozi unatusoma. Unajua tukikasirika tunataka vitu viwili, kocha afukuzwe na mtu mpya atue uwanja wa ndege na skafu shingoni. Vyote viwili tunapewa, tunapoa. Hakuna aliyewahi kutuona tumejaa barabara ya Msimbazi tukidai katiba ya klabu isomwe.

Nikifikiria mechi ya Juni 25, 2025 narudi palepale. Tulikuwa pointi moja nyuma. Ushindi ulikuwa unatupa ubingwa, wao sare iliwatosha. Msimu mzima tulikuwa vizuri, Fadlu alikuwa ameshaanza kuwajuanisha wale vijana. Tukafungwa 2-0, Pacôme kwa penalti na Mzize. Kibandani kulikuwa na mabishano kuhusu ile penalti mpaka saa tano usiku. Mimi nilikuwa nawaza kitu kingine: timu hii ikipewa mwaka mmoja zaidi na watu walewale, inatosha. Mwaka mmoja tu bila “thank you”. Wiki chache baadaye Tshabalala akaondoka, wakaja wapya, na kocha naye akaondoka.

Kila kocha mpya anayekuja ana wasifu mzuri. Sitaki kujua alifundisha wapi. Nataka kujua aliyemwajiri ni nani kwa jina, na akifukuzwa Machi ni nani atasimama mbele ya wanachama kujibu.

Fundi alimaliza kioo. Alinitoza elfu kumi na nane, akapunguza mpaka kumi na tano, akasema ni ya rambirambi. Nilipowasha simu nilikuta mtu kanirudisha kwenye lile kundi, sijui ni nani. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa mchango: mkutano mkuu wa klabu ukiitishwa, kuna wanaotaka kwenda Dar kwa basi la pamoja. Nimetuma yangu. Nikaandika chini yake, “Naomba orodha ya waliotoa na kiasi.” Hadi naandika hapa, saa nne usiku, sijaondolewa. Watu watatu wameweka dole gumba. Mmoja wao ni yule niliyesoma naye.

Na kesho asubuhi nina safari fupi ya Majengo, dukani kwa yule dada.